UCHAMBUZI: ULAYA YATAKA KUJITEGEMEA KIULINZI, FEDHA ZA SILAHA ZAIBUA MASWALI YA MAADILI

Na Mwandishi Wetu

Norway, nchi yenye watu wapatao milioni 5.5 kaskazini mwa Ulaya, ina ndege 52 za kivita aina ya F-35 zilizonunuliwa kutoka kampuni ya Lockheed Martin ya Marekani. Nchi hiyo hiyo ina mfuko mkubwa wa akiba ya Serikali unaotokana na mapato ya mafuta na gesi, ambao unamiliki takribani asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa duniani. Hata hivyo, kwa miaka mingi mfuko huo umezuiwa kununua hata hisa moja ya Lockheed Martin, kwa sababu kampuni hiyo inahusika na utengenezaji wa silaha za nyuklia.

Kwa maneno mengine, Serikali ya Norway inaona ni halali kununua ndege hizo na kuwakabidhi marubani wake kwa ajili ya kulinda anga la nchi, lakini haioni kuwa ni halali kwa wananchi wake kupata gawio kutoka kwa kampuni iliyoziunda. Kwa muda mrefu mpango huo haukuwasumbua watu wengi. Leo, wakati Ulaya nzima ikijenga upya majeshi na viwanda vyake vya silaha, umekuwa moja ya mifano inayotajwa sana katika mjadala mpana: je, fedha za wananchi, ziwe za kodi, za pensheni au za akiba benki, ziingie katika silaha? Na kama ndiyo, ziingie kwa masharti gani?

Mjadala huo hauwezi kueleweka bila kwanza kufahamu kwa nini Ulaya imefika hapa.

Fimbo ya mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa zaidi ya miaka 70 Ulaya Magharibi ilitegemea fimbo ya mbali, nayo kwa sehemu kubwa ilitosha. Tarehe 4 Aprili 1949, nchi 12 zilitia saini jijini Washington mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Kujihami ya NATO, ambao Ibara yake ya 5 inatamka kwamba shambulio dhidi ya mwanachama mmoja ni shambulio dhidi ya wote. Nguvu za ibara hiyo zilitokana, zaidi ya jambo jingine lolote, na jeshi la Marekani na silaha zake za nyuklia.

Jaribio la Ulaya kusimama kwa miguu yake lilifanyika mapema, lakini halikufika mbali. Mwaka 1952 Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilitia saini mkataba wa kuanzisha jeshi la pamoja. Mkataba huo ulikwama tarehe 30 Agosti 1954, pale Bunge la Ufaransa, nchi iliyotoa wazo lenyewe, lilipokataa kuuridhia. Tangu hapo Ulaya iliendelea kuungana katika biashara, kilimo na hatimaye sarafu, huku ulinzi ukibaki jambo la kila taifa chini ya mwavuli wa Marekani.

Baada ya Vita Baridi kumalizika, mwavuli huo ulionekana kutosha kiasi kwamba nchi nyingi zilipunguza majeshi. Sweden ilisitisha utaratibu wa vijana kujiunga na jeshi kwa mujibu wa sheria mwaka 2010, na Ujerumani ikafuata mwaka 2011. Fedha zilizookolewa zilikwenda katika huduma za jamii na kupunguza madeni. Baada ya Urusi kuitwaa Crimea mwaka 2014, wanachama wa NATO walikubaliana nchini Wales kwamba kila mmoja alenge kutumia asilimia 2 ya Pato la Taifa kwa ulinzi ndani ya miaka kumi. Mwaka huo ni nchi tatu tu zilizokuwa zimefikia kiwango hicho: Marekani, Uingereza na Ugiriki.

Uvamizi wa Urusi nchini Ukraine tarehe 24 Februari 2022 ulibadili hali. Siku tatu baadaye, Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, Olaf Scholz, alilitangazia Bunge kuanzishwa kwa mfuko maalumu wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi. Finland ilijiunga na NATO mwaka 2023, na Sweden, ambayo haikuwa imeshiriki vita tangu mwaka 1814, ilifuata mwaka 2024.

Mshtuko wa pili ulitoka kwa rafiki. Februari 2025 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, aliwaeleza washirika wake mjini Brussels kwamba Ulaya inapaswa kubeba jukumu kuu la usalama wake yenyewe. Mapema mwezi uliofuata, Marekani ilisitisha kwa siku kadhaa misaada ya kijeshi na taarifa za kijasusi kwa Ukraine. Usitishaji huo ulikuwa mfupi, lakini ujumbe wake ulisikika katika kila mji mkuu wa Ulaya: kinachotolewa na mwingine kinaweza kuzuiwa na huyo mwingine. Mtegemea cha nduguye, Waswahili husema, hufa maskini.

Fedha zilizoahidiwa

Hatua zilizofuata zilikuwa za haraka kwa kipimo cha Ulaya. Machi 2025 Kamisheni ya Ulaya ilitangaza mpango wa kukusanya hadi euro bilioni 800 kwa ajili ya ulinzi. Kati ya hizo, euro bilioni 650 zilitarajiwa kutoka katika bajeti za nchi wanachama zenyewe, baada ya kulegezewa masharti ya nakisi ya bajeti, na euro bilioni 150 ni mikopo inayotolewa kwa dhamana ya Umoja wa Ulaya kupitia mfuko uitwao SAFE, uliopitishwa Mei 2025. Mikopo hiyo inaweza kulipwa kwa muda wa hadi miaka 45. Hii ina maana kwamba sehemu ya bili ya silaha zinazoagizwa sasa italipwa na watu ambao bado hawajazaliwa.

Ujerumani, ambayo Katiba yake iliweka ukomo mkali wa kukopa, ilirekebisha Katiba hiyo Machi 2025 ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya Pato la Taifa yasihesabiwe katika ukomo huo. Poland ilikwishavuka asilimia 4 ya Pato la Taifa mwaka 2024. Juni 2025, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika The Hague, wanachama wa NATO walikubaliana kufikia asilimia 5 ifikapo mwaka 2035: asilimia 3.5 kwa ajili ya majeshi na silaha, na asilimia 1.5 kwa mambo yanayohusiana nayo kama vile barabara, bandari, reli na usalama wa mitandao. Hispania ilieleza wazi kwamba haioni haja ya kufika huko.

Asilimia ni lugha ya wachumi. Kwa mwananchi wa Denmark gharama hiyo ilikuja kwa sura nyingine. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuifuta Siku Kuu ya Maombi, sikukuu ya kidini iliyokuwepo kwa zaidi ya miaka 300, ili watu wafanye kazi siku moja zaidi kwa mwaka na mapato ya ziada yasaidie kugharamia ulinzi. Vyama vya wafanyakazi viliandamana, maaskofu walilalamika, lakini kuanzia mwaka 2024 siku hiyo imekuwa ya kazi.

Kwa mujibu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Amani ya Stockholm, SIPRI, matumizi ya kijeshi duniani mwaka 2024 yalifikia dola za Marekani bilioni 2,718, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja. Katika Ulaya, Urusi ikiwemo, ongezeko lilikuwa asilimia 17.

Fedha ipo, kiwanda kiko wapi?

Kuahidi fedha kumeonekana kuwa kazi rahisi kuliko kuzigeuza kuwa silaha. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipatia Ukraine makombora ya mizinga milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipofika, kiasi kilichopelekwa kilikuwa takribani nusu tu. Viwanda vilivyokuwa vimezoea oda ndogo za wakati wa amani havikuwa na mashine, baruti wala mafundi wa kutosha kuzalisha kwa kasi ya vita.

Tatizo jingine ni kila nchi kutaka chake. Ripoti kuhusu ushindani wa kiuchumi wa Ulaya iliyotolewa Septemba 2024 na Mario Draghi, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Italia na Rais wa Benki Kuu ya Ulaya, ilibainisha kwamba nchi za Umoja huo zinatumia aina 12 za vifaru, wakati Marekani inazalisha aina moja. Tofauti hizo zina gharama kubwa, kwani kila aina inahitaji vipuri vyake, mafunzo yake na mafundi wake, na kikosi cha nchi moja hakiwezi kuazima kwa jirani pale kinapopungukiwa.

Matokeo yake ni kwamba Ulaya iliposhikwa na haraka, ilinunua kwa wengine. SIPRI inaonesha kuwa uingizaji wa silaha kubwa katika nchi za Ulaya zilizo wanachama wa NATO uliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya kipindi cha mwaka 2015 hadi 2019 na kipindi cha mwaka 2020 hadi 2024, na kwamba asilimia 64 ya silaha hizo zilitoka Marekani. Poland ilikwenda mbali zaidi, ikaagiza vifaru na mizinga kutoka Korea Kusini.

Ndiyo maana mfuko wa SAFE umewekewa sharti kwamba angalau asilimia 65 ya gharama ya vipengele vya silaha inayonunuliwa itoke ndani ya Umoja wa Ulaya, nchi shirika za karibu au Ukraine. Sharti hilo linakusudia kuhakikisha kwamba fedha za walipakodi wa Ulaya zinajenga viwanda vya Ulaya. Lakini kiwanda hakijengwi kwa fedha za Serikali pekee. Kinahitaji mikopo ya benki, wanunuzi wa hisa na mifuko ya pensheni, na hapo ndipo suala la maadili linapoingia.

Kutoka orodha ya dhambi hadi orodha ya wajibu

Kabla ya mwaka 2022, taasisi nyingi za fedha barani Ulaya ziliziweka kampuni za silaha katika kundi moja na za tumbaku, kamari na pombe. Mteja aliyetaka fedha zake zitumike kwa uwekezaji wenye kuzingatia mazingira na jamii alihakikishiwa kwamba bidhaa hizo hazimo. Baadhi ya kampuni ndogo zilizotengeneza vipuri vya kijeshi zilikuwa zikilalamika kwamba zinapata ugumu hata wa kukopesheka.

Mabadiliko yalikuja ghafla. SEB, moja ya benki kubwa za Sweden, ilikuwa imeweka sera mwaka 2021 ya kuzuia mifuko yake ya uwekezaji kununua hisa za kampuni zinazotegemea silaha. Mwaka 2022, wiki chache tu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilitangaza kwamba baadhi ya mifuko hiyo itaruhusiwa tena kufanya hivyo. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambayo ni mali ya nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya, iliondoa mwaka 2024 sharti lililotaka mradi wenye matumizi ya kiraia na kijeshi upate zaidi ya nusu ya mapato yake kutoka upande wa kiraia. Mwaka 2025 ikapanua zaidi wigo wa miradi ya ulinzi inayoweza kuikopesha, ingawa silaha zenyewe na risasi bado zimebaki nje.

Wawekezaji hawakusubiri. Hisa ya kampuni ya Rheinmetall ya Ujerumani, mtengenezaji wa mizinga, vifaru na makombora ya mizinga, iliuzwa kwa chini ya euro 100 mwanzoni mwa mwaka 2022. Katikati ya mwaka 2025 ilikuwa imevuka euro 1,500.

Wanaounga mkono mwelekeo huu wana hoja nzito, na mfano wao mkuu ni Ukraine yenyewe. Oktoba 2022, wakati makombora na ndege zisizo na rubani za Urusi zikilenga mitambo ya umeme na makazi ya raia, Ujerumani iliipelekea Ukraine mtambo wa kwanza wa IRIS-T wa kutungua makombora angani. Mtambo huo ni silaha, na umeundwa na kampuni inayopata faida. Lakini kazi yake ilikuwa kuzuia kombora lisifike katika jengo la ghorofa ambamo watu wamelala. Wanauliza: mfuko wa pensheni unaokataa kununua hisa za kampuni kama hiyo unamlinda nani? Wanaongeza kwamba si uadilifu kumwachia jirani kazi ya kuchafua mikono huku ukifaidi usalama anaoupata.

Wanaopinga nao hawakosi hoja. Kwanza, wanasema kununua hisa katika soko la hisa hakumpelekei mtengenezaji fedha mpya moja kwa moja, kwa kuwa mnunuzi humlipa mwanahisa aliyetangulia. Kinachoongezeka zaidi ni bei ya hisa na faida ya waliowahi. Kwa hiyo hoja ya uzalendo inaweza kutumika kufunika tamaa ya gawio. Pili, kampuni ya silaha haitengenezi mtambo wa kujikinga pekee. Chini ya jina moja na hisa moja huweza kuwepo mtambo wa kutungua makombora, bomu la kudondoshwa na kipuri cha silaha ya nyuklia. Mwekezaji hawezi kununua kimoja na kukiacha kingine. Tatu, silaha ina maisha marefu kuliko sababu iliyofanya itengenezwe.

Hoja hizi mbili hazipingani kwa kiasi kinachodhaniwa. Ya kwanza inahusu haki ya taifa kujilinda, ambayo imetamkwa katika Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ya pili inahusu mipaka ya haki hiyo na nani anayeilinda mipaka hiyo. Nchi inaweza kukubali ya kwanza kikamilifu na bado ikawa na wajibu wa kuijibu ya pili.

Mipaka inayosogezwa

Wasiwasi wa wanaharakati wengi ni kwamba mipaka hiyo imeanza kusogezwa kwa kasi. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 ulipiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya binadamu, baada ya dunia kushuhudia wakulima na watoto wakipoteza miguu miaka mingi baada ya vita kwisha, zikiwemo Angola na Msumbiji. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland, zote zikipakana na Urusi, ziliwasilisha taarifa za kujitoa katika mkataba huo. Mwaka huo huo Lithuania ilikamilisha kujitoa katika mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko, uliotiwa saini mjini Oslo mwaka 2008.

Nchi hizo zinasema adui anayezikabili hajawahi kufungwa na mikataba hiyo, na kwamba mpaka mrefu unaolindwa na watu wachache unahitaji kila kizuizi kinachopatikana. Hiyo ni hoja ya kijeshi inayostahili kusikilizwa. Hata hivyo, ina athari ya moja kwa moja kwa mwekezaji. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu uwekezaji endelevu zimekuwa zikitaja makundi machache ya silaha kuwa ni yenye utata uliokithiri, yakiwemo mabomu ya kutegwa ardhini, mabomu ya mtawanyiko, silaha za kemikali na za kibayolojia. Msingi wa orodha hiyo ni mikataba ya kimataifa. Nchi zinapojitoa katika mikataba, msingi wa orodha nao unatikisika.

Norway yenyewe imeonesha ugumu wa kushikilia mstari. Mwongozo wa maadili wa mfuko wake wa akiba ulianza kutumika mwaka 2004, na Baraza la Maadili lilikuwa likichunguza kampuni na kupendekeza zipi ziondolewe. Novemba 2025 Bunge la nchi hiyo liliamua kusitisha kwa muda utaratibu huo wa kuondoa kampuni wakati mwongozo ukipitiwa upya. Chanzo cha uamuzi huo hakikuwa ndege za kivita pekee. Kulikuwa na hofu kwamba, kutokana na mjadala kuhusu vita vya Gaza, mwongozo ungeweza kuulazimisha mfuko kuuza hisa za kampuni kubwa za teknolojia ambazo huduma zake hutumiwa pia na majeshi. Pale ambapo programu ya kompyuta inaweza kuwa sehemu ya silaha, kusema kipi ni silaha na kipi si silaha kumekuwa kazi ngumu hata kwa nchi tajiri yenye taasisi imara.

Vita vikiisha, silaha zitakwenda wapi?

Swali lenye uzito zaidi kwa nchi zilizo nje ya Ulaya ni lile la kesho. Kiwanda kinachojengwa leo kwa ajili ya dharura kitahitaji wateja hata dharura ikiisha. Kina wafanyakazi, madeni na wanahisa wanaosubiri faida. Majeshi ya Ulaya yakishajaza maghala yake, shinikizo la kuuza nje litaongezeka, na historia ya karibuni inaonesha kwamba shinikizo hilo hushinda mara nyingi.

Muungano wa kijeshi ulioongozwa na Saudi Arabia ulipoanza mashambulizi nchini Yemen mwaka 2015, sehemu ya ndege na mabomu yaliyotumika yalikuwa yametoka viwanda vya Ulaya. Juni 2019 Mahakama ya Rufani jijini London iliamua kwamba Serikali ya Uingereza ilitoa vibali vya mauzo kinyume cha sheria, kwa kuwa haikutathmini ipasavyo kama ukiukwaji wa sheria za kivita ulikuwa umetokea. Mwaka uliofuata utoaji wa vibali ulirejea. Ujerumani, kwa upande wake, ilizuia kwa miaka kadhaa Saudi Arabia isiuziwe ndege za Eurofighter, ambazo inaziunda kwa pamoja na Uingereza, Italia na Hispania, kisha Januari 2024 ikaondoa pingamizi lake.

Mfano huo wa mwisho unafunua mgongano uliomo ndani ya mradi mzima wa kujitegemea. Ili Ulaya iache kuzalisha aina 12 za vifaru, lazima nchi zake ziunde silaha kwa pamoja. Lakini silaha iliyoundwa na nchi nne ina dhamiri nne, na mwenye masharti mepesi zaidi ndiye mwenye haraka ya kuuza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: bara linalohuzunika, kwa haki kabisa, kwa makombora yanayoanguka Kharkiv litaulizwa pia kuhusu makombora yake yanayoanguka kwingineko.

Katika hilo Afrika Mashariki ina sauti. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba, zikiwemo Uingereza na Finland, zilizoandaa azimio la Umoja wa Mataifa lililofungua njia ya Mkataba wa Biashara ya Silaha. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014. Unaitaka nchi inayouza silaha kukataa mauzo pale inapofahamu kwamba zitatumika katika mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu au mashambulizi dhidi ya raia. Ukanda ambao umeona bunduki zikivuka mpaka kutoka vita moja hadi nyingine unajua kwa nini sharti hilo liliandikwa.

Bili na walipaji

Kuna njia nyingine ambayo uamuzi wa Ulaya unafika Afrika, nayo ni bajeti ya misaada. Tarehe 25 Februari 2025, Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba matumizi ya ulinzi yatapanda hadi asilimia 2.5 ya Pato la Taifa ifikapo mwaka 2027, na kwamba fedha hizo zitapatikana kwa kupunguza misaada ya maendeleo kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 0.3 ya pato la nchi. Siku tatu baadaye, Waziri wake wa Maendeleo ya Kimataifa, Anneliese Dodds, alijiuzulu akipinga uamuzi huo.

Nchi haiwezi kulaumiwa kwa kupanga bajeti yake kwa kutanguliza usalama wa watu wake. Lakini uamuzi ule ulikuwa wa wazi kuliko mingi ya aina yake: kiasi kilichoongezwa upande mmoja kilipunguzwa upande wa pili, na walioguswa na punguzo hilo hawakuwa wapiga kura wa Uingereza. Zahanati iliyotegemea mradi wa wafadhili haikuwa na mbunge wa kuitetea jijini London. Kwa nchi zinazopokea misaada, funzo lake halitofautiani sana na lile ambalo Ulaya yenyewe ilijifunza Machi 2025. Watanzania, ambao neno kujitegemea limo katika msamiati wao wa kisiasa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, hawatashangaa kuona kwamba hata matajiri hujifunza somo hilo kwa kuchelewa na kwa gharama.

Mambo ya kufuatilia

Kwa mwananchi anayefuatilia suala hili, kuna mambo matatu yatakayoonesha Ulaya inaelekea wapi. La kwanza ni mwongozo mpya wa uwekezaji wa Norway. Kwa kuwa mfuko huo una hisa karibu kila pembe ya dunia, mstari utakaochorwa Oslo huenda ukaigwa na mifuko mingine. La pili ni namna nchi za Umoja wa Ulaya zitakavyokubaliana kuhusu vibali vya kuuza nje silaha zilizoundwa kwa mikopo ya pamoja. La tatu ni tathmini ya mwaka 2029, ambapo wanachama wa NATO watapitia upya safari ya kuelekea asilimia 5.

Ulaya ina haki ya kujilinda, na miaka hii imeonesha kwamba asiyeweza kujilinda hupangiwa. Jambo ambalo halijajibiwa ni kama masharti yaliyowekwa wakati wa amani kuhusu silaha zipi, kwa mnunuzi yupi na kwa faida ya nani, yataendelea kuheshimiwa wakati wa hofu. Masharti hayo hayakuandikwa kwa ajili ya siku za utulivu. Yaliandikwa na watu waliokwishaona vita, kwa ajili ya siku kama hizi.